Kikohozi cha wiki mbili na kipimo cha damu: yale ambayo mchungaji na mkristo wanapaswa kujua kuhusu huduma za kifua kikuu na VIH



Katika parokia zetu tunaulizwa maswali yale yale karibu kila mwezi. Je, kipimo cha kifua kikuu kinalipwa? Mgonjwa anayekohoa aruhusiwe kunywa katika kikombe cha Meza ya Bwana? Mchungaji ana haki ya kudai karatasi ya kipimo cha sida kabla ya kufungisha ndoa? Mtu aliyeombewa akajisikia vizuri, aendelee na dawa au aziache? Katika makala haya tumekusanya majibu kama tulivyoyapata kwa wauguzi na madaktari tunaofanya kazi nao, pamoja na maoni yetu sisi watumishi pale ambapo jambo linagusa kanisa. Hayachukui nafasi ya muuguzi. Yanatusaidia kujua wakati gani wa kumpeleka mtu kwake, na tukimpeleka, tusiharibu kazi yake.

Mahali huduma ilipo

Nchi yetu imegawanywa katika zone za afya 519. Kila zone ina ofisi yake kuu, ina hospitali kuu ya rufaa, na chini yake kuna vituo vya afya, kila kituo na eneo lake. Hospitali nyingi kati ya hizo za rufaa ni mali ya makanisa, lakini zinatumika ndani ya mpango wa serikali: Panzi kule Bukavu ni ya CEPAC, Vanga katika Kwilu ni ya Wabaptisti, na Nyankunde katika Ituri ni kazi ya makanisa kadhaa pamoja. Kwa hiyo mkristo anayesema “mimi siendi kwa serikali, naenda kwa kanisa” mara nyingi anatumia dawa zile zile na daftari lile lile.

Kwa kifua kikuu, si kila kituo cha afya kina labo ya kupima makohozi. Kituo kilicho na labo na dawa huitwa CSDT, yaani kituo cha uchunguzi na matibabu. Vituo vingine vinapeleka makohozi huko, kisha vinampa mgonjwa dawa karibu na nyumbani. Usimwambie mgonjwa apande moto kwenda mjini kabla hujamwuliza muuguzi mkuu wa kituo cha jirani. Yeye anajua CSDT yake ni ipi na siku gani makohozi yanapelekwa. Wajumbe wa afya wa mtaa, wale tunaowaita RECO, wanajua pia, na wengi wao ni waamini wetu. Kuna vilevile Club des Amis Damien, shirika la watu ambao wenyewe walitibiwa kifua kikuu, ambao katika miji kadhaa wanapita nyumba kwa nyumba na kumsindikiza mgonjwa. Mtu aliyepona akizungumza na mtu anayekohoa, anasikilizwa kuliko sisi sote.

Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni vya bure katika mpango wa taifa. Mtu akiomba pesa ya dawa hizo, aulizwe ni za nini na risiti iko wapi. Picha ya kifua na vipimo vingine mara nyingi vinalipwa, na hapo ndipo mfuko wa diakonia unaweza kufanya kitu cha maana kuliko kununua maua ya sikukuu.

Kikohozi ambacho tunakiita sumu

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaiweka Kongo katika orodha zake tatu za nchi 30 zenye mzigo mkubwa: orodha ya kifua kikuu, ile ya kifua kikuu pamoja na VIH, na ile ya kifua kikuu kinachokataa dawa. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani na milioni 1.25 walikufa. Ugonjwa huu una dawa, na chanzo chake kinajulikana tangu tarehe 24 Machi 1882, siku Robert Koch alipotangaza kule Berlin kwamba amekiona kijidudu chake. Ndiyo maana tarehe 24 Machi ni siku ya kifua kikuu ulimwenguni, na kila mwaka vituo vyetu huomba nafasi ya kusema kanisani. Wapeni hiyo nafasi, na isiwe baada ya ibada watu wanapotoka.

Dalili ni chache na kila shemasi anaweza kuzishika: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, na wakati mwingine damu katika makohozi. Kwa mtu anayeishi na VIH hatungoji wiki 2. Akikohoa siku yoyote, apimwe.

Kwetu Kivu kuna jambo moja linalochelewesha wagonjwa kuliko umbali na kuliko pesa. Mtu anakohoa, anakonda, anatapika damu, na jamaa wanasema ni karuho, amepewa sumu. Anapelekwa kwa mwenye dawa za kienyeji, anatapishwa, anapumzika siku chache, anarudishwa. Miezi inapita. Wakati huo watoto wanalala naye chumba kimoja. Ubaya mwingine ni kwamba kuna jirani, au mke wa ndugu, au mama mkwe, ambaye jina lake linatajwa kama mwenye sumu. Tumeona jamaa zikivunjika na watu wakihama mtaa kwa ajili ya ugonjwa ambao labo ingeuonyesha kwa saa 2. Hatusemi kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumwekea mwenzake sumu. Tunasema kwamba mchungaji akisikia neno karuho pamoja na kikohozi, kazi yake ya kwanza ni makohozi yapimwe, na mpaka jibu litoke asiruhusu jina la mtu litajwe katika chumba cha maombi.

Namna kinavyoambukiza, na kikombe cha Meza ya Bwana

Kifua kikuu kinapita hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya, akisema au akiimba, anatoa vijidudu vidogo sana vinavyoelea katika hewa ya chumba. Anayevuta hewa hiyo kwa muda mrefu anaweza kuambukizwa. Hakipiti kwa sahani, kwa mkono, kwa nguo, wala kwa kitanda. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa kwa kumwekea kikombe chake na kijiko chake nyumbani hakumlindi mtu yeyote, kunamwumiza tu. VIH nayo haipiti kwa mate wala kwa kikombe. Mtu asinyimwe Meza ya Bwana kwa sababu ya mojawapo ya magonjwa haya. Parokia zinazotumia vikombe vidogo ziendelee kama zilivyozoea, lakini zisiseme kwamba ni kwa ajili ya “wale wagonjwa”.

Hatari halisi katika makanisa yetu iko mahali pengine. Iko katika mkesha wa Ijumaa, watu themanini ndani ya chumba cha mbao, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya majirani wanaolalamikia sauti. Iko katika chumba cha maombi ambamo wagonjwa wanalazwa juma baada ya juma, mwenye kukohoa karibu na mama mwenye mtoto mchanga. Kuimba kwa nguvu hutoa matone mengi kuliko kusema kwa sauti ya kawaida, nasi tunaimba usiku kucha. Dawa ya kwanza ya jambo hili haina bei: fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, na mwanga wa jua uingie mchana. Tukijenga kanisa jipya, fundi aulizwe kuhusu madirisha kabla ya kuulizwa kuhusu madhabahu. Na mtu anayekohoa wiki ya tatu asipokelewe kulala katika chumba cha maombi kabla hajapimwa. Akipimwa na kuanza dawa zinazofaa, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza wengine inashuka sana, na hapo anaweza kurudi katikati ya watu bila shida.

Mtu aliyeambukizwa si lazima augue. Wengi wana kijidudu ndani yao kimelala, na kwa maisha yao yote ni kama 5 mpaka 10 kwa mia watakaougua. Kinachokiamsha ni mwili kudhoofika: VIH, njaa, kisukari, pombe nyingi, umri mdogo sana. Kwa wachimbaji wa dhahabu wa Kamituga na wa madini mengine kule Katanga kuna sababu ya ziada, maana vumbi la mawe linaharibu mapafu na kulifungulia kijidudu mlango. Wachungaji wa maeneo ya machimbo wanalijua hilo kwa mazishi.

Namna kipimo kinavyofanyika

Mgonjwa anapewa kikopo chenye kifuniko. Anatakiwa makohozi yatoke chini kifuani, si mate ya mdomoni, na hapo ndipo vipimo vingi vinaharibika. Asukutue mdomo kwa maji, asimame nje penye hewa mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka ndani. Makohozi ya asubuhi, kabla ya kula, ni mazuri zaidi. Mara nyingi yanahitajika mara mbili, ya papo hapo na ya kesho yake asubuhi. Mgonjwa asichoke akirudishwa.

Labo inaweza kutumia darubini, njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi kubwa vijijini, au mashine ya GeneXpert ambayo inaona vijidudu hata vikiwa vichache, na inaonyesha pia kama vinakataa rifampisini, dawa kubwa ya matibabu haya. Mashine inatoa jibu kwa muda usiofika saa 2, lakini inahitaji umeme na vifaa vyake, na ndiyo maana haiko kila mahali.

Jibu hasi halimalizi neno. Kifua kikuu kinaweza kukaa katika tezi za shingo, katika mgongo, katika utando wa ubongo, na makohozi yasionyeshe kitu. Watoto wadogo hawawezi kutoa makohozi, wanayameza. Siku hizi mavi ya mtoto yanaweza kupimwa katika mashine ile ile. Mtoto asiyeongezeka kilo na ambaye nyumbani kwao kuna mtu mzima anayetibiwa kifua kikuu, mpeleke hata kama hakohoi sana. Na mtu mzima aliyepata jibu hasi, akaendelea kukohoa na kukonda, arudi. Asikubali kupewa dawa moja ya kikohozi baada ya nyingine mwaka mzima.

Miezi 6, si wiki 6

Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne pamoja katika kidonge kimoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Idadi ya vidonge inategemea uzito, kwa hiyo mtu asigawane dawa na mwenzake. Makohozi yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Mkojo utakuwa mwekundu kama chai au machungwa. Ni rangi ya rifampisini, si damu. Tunaliandika hili kwa sababu kuna watu wameacha dawa siku ya tatu kwa hofu hiyo tu. Lakini macho yakiwa ya manjano, au akitapika bila kukoma, arudi kituoni siku hiyo hiyo. Wamama wanaotumia vidonge au kijiti cha mkononi kwa kupanga uzazi wamwambie muuguzi, maana rifampisini inapunguza nguvu yake.

Karibu na mwezi wa pili mgonjwa anapata nguvu. Anakula, anaongezeka kilo, kikohozi kimekwisha. Huo ndio wakati wa hatari kuliko wote, na mara nyingi ndio wakati anapokuja kanisani kushuhudia. Vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu, na akiacha dawa vitarudi, safari hii vikiwa vimejifunza kuzikataa. Kifua kikuu kinachokataa dawa kinatibiwa pia. Mwaka 2022 OMS ilipendekeza kwa wengi wao matibabu ya miezi 6 ya vidonge bila sindano, badala ya miezi mingi ya zamani. Lakini ni dawa nzito zaidi, zinahitaji ufuatiliaji wa karibu, na atakayeambukizwa naye ataambukizwa ule mgumu tangu siku ya kwanza.

Hapa tuseme wazi kwa wachungaji wenzetu. Sisi tunaamini kwamba Mungu anaponya, na hatutaacha kuwawekea wagonjwa mikono. Lakini hakuna mchungaji, nabii wala mwinjilisti aliyepewa mamlaka ya kumwambia mtu atupe dawa zake mbele ya madhabahu. Katika Luka 17 wale wenye ukoma kumi walitumwa waende kujionyesha kwa makuhani, watu waliokuwa na kazi ya kuchunguza ugonjwa ule kwa Sheria. Uponyaji haukuogopa uchunguzi. Aliyeombewa akasema amepona, tumpeleke akapimwe makohozi, aendelee na vidonge mpaka muuguzi afunge kadi yake, na siku hiyo ashuhudie akiwa na kadi mkononi. Na tusimwekee mfungo mtu anayetumia dawa hizi. Mwili wake unahitaji chakula. Kama anataka kushiriki mfungo wa kanisa, aombe pamoja nasi huku amekula.

Mtu mmoja akipatikana na kifua kikuu, watu wote wa nyumba yake waangaliwe. Watoto walio chini ya miaka 5 na watu wenye VIH, wakionekana hawaumwi, wanapewa dawa ya kuzuia kwa miezi kadhaa. Chanjo ya BCG ambayo mtoto anapewa anapozaliwa inamlinda na aina kali, kama ile ya ubongo, lakini haimzuii mtu mzima kuugua. Kovu la mkononi si hakikisho.

VIH: kipimo ni cha nani?

Kipimo cha VIH kinafanywa kwa tone la damu ya kidole, na jibu linapatikana kwa muda wa kama dakika 20. Likiwa na alama ya virusi, linathibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti kabla mtu hajaambiwa. Wiki za kwanza baada ya kuambukizwa kipimo kinaweza kisione kitu, kwa hiyo aliyekuwa katika hatari hivi karibuni arudie baada ya miezi 3. Kabla na baada ya kipimo kuna mazungumzo na mshauri, na hakuna mtu anayepimwa bila kukubali.

Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na VIH katika nchi yetu. Inalinda siri ya jibu na inakataza ubaguzi. Haisemi “isipokuwa kanisani”. Na sasa tunafika kwenye desturi ambayo imeenea katika parokia zetu nyingi: wachumba wanaambiwa walete karatasi ya kipimo kwa mchungaji, la sivyo hakuna tarehe ya ndoa. Tunaelewa nia. Mchungaji hataki kufungisha ndoa ambayo mmoja ataugua bila kujua. Lakini tumeona matunda yake pia. Karatasi inapita kwa katibu, kwa mzee wa kanisa, kwa shangazi, na Jumapili binti anajua kwa nini watu wanamwangalia. Wengine wananunua karatasi. Wengine wanaacha kuja kanisani wanaenda kuishi pamoja tu.

Maoni yetu ni haya. Wachumba wahimizwe, tena kwa nguvu, waende pamoja kituoni, waketi pamoja mbele ya mshauri, wapate majibu pamoja. Mchungaji awaulize jambo moja: “Mmekwenda? Kila mmoja anajua jibu la mwenzake?” Wakisema ndiyo, yatosha. Karatasi ni yao. Kama mmoja ana VIH na mwingine hana, na wote wawili wanajua na wanataka kuoana, hatuoni msingi wa kuwanyima baraka. Mtu anayetumia dawa vizuri, ambaye wingi wa virusi katika damu yake umeshuka mpaka hauonekani katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo limechunguzwa kwa maelfu ya wachumba na wanandoa katika nchi mbalimbali, na haliko tena katika ubishi wa madaktari.

Dawa zenyewe si kama zile za miaka ya nyuma. Wengi sasa wanatumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Tangu 2015 OMS inasema kila mwenye virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja mwili uchoke. Hatunaye tena sababu ya kuhubiri sida kama hukumu ya kifo, na yeyote anayefanya hivyo anawafukuza watu kutoka kwenye kipimo.

Kuzuia maambukizo

Mama mjamzito ndiye mlango wa kwanza. Akienda CPN mapema anapimwa VIH pamoja na kaswende, na akipatikana na virusi anaanza dawa siku hiyo. Bila dawa, watoto 15 mpaka 45 kwa mia wanaambukizwa tumboni, wakati wa kuzaa au kwa kunyonya. Dawa zikitumika vizuri wanakuwa chini ya 5 kwa mia. Mtoto anapewa dawa ya maji tangu kuzaliwa, ananyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, na damu yake inapimwa kwenye wiki ya 6. Tatizo kubwa ni mama anayezalia nyumbani au katika chumba cha maombi. Wababa nao waingie: mume anayemsindikiza mke wake CPN na kupimwa naye anamwondolea mzigo wa kulitangaza jibu peke yake.

Kuhusu kondomu, tunajua kwamba makanisa yetu hayasemi kwa sauti moja. Sisi tunafundisha uaminifu katika ndoa na kujizuia kabla yake, na hatubadilishi fundisho hilo. Lakini hatuwezi kumwambia mke ambaye mume wake ana virusi na bado hajashuka kwamba kondomu ni dhambi. Wala hatuwezi kusema uongo kwamba ina matundu. Ikitumiwa vizuri inazuia. Anayetaka kupinga matumizi yake apinge kwa fundisho, si kwa habari zisizo za kweli. Kuna pia dawa ambayo mtu asiye na virusi anaweza kumeza ili kujikinga kama yuko katika hatari kubwa. Muuguzi atamweleza kama inapatikana katika zone yake.

Jambo moja linahitaji haraka kuliko yote. Mwanamke, msichana au mvulana akibakwa, kuna dawa za kuzuia VIH ambazo lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28. Mapema ni bora: saa ya 5 ni bora kuliko saa ya 50. Kwa mimba, dawa ya kuzuia inaweza kutolewa mpaka saa 120. Panzi, ambako Daktari Denis Mukwege amefanya kazi hii tangu 1999, inajulikana duniani, lakini si lazima kufika Bukavu. Hospitali za rufaa na vituo vingi vya mashariki vinawekewa dawa hizi. Mara nyingi mtu wa kwanza kuambiwa ni mke wa mchungaji au mama kiongozi. Asimshike mtoto kwa maombi mpaka kesho, asiite kwanza kikao cha jamaa mbili kuzungumza mbuzi na faranga. Ampeleke usiku huo kama njia inaruhusu, na kama hairuhusu, alfajiri. Maombi yafanyike njiani.

Magonjwa mawili katika mwili mmoja

Kila mgonjwa wa kifua kikuu anapewa nafasi ya kupimwa VIH, na kila mwenye VIH anaulizwa kuhusu kikohozi kila anapofika. Si kwa sababu muuguzi anamshuku mtu maisha yake. Ni kwa sababu VIH inakiamsha kifua kikuu kilicholala, na kifua kikuu ndicho kinachoua watu wengi zaidi wenye VIH. Mwenye yote mawili anaanza dawa za kifua kikuu kwanza, na zile za VIH zinafuata upesi, kwa kawaida ndani ya wiki 2, isipokuwa kama ugonjwa umefika katika ubongo. Rifampisini inapunguza nguvu ya dolutegravir, ndiyo maana mgonjwa huyo anapewa dolutegravir mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Akienda kituo kingine, lazima aseme anatumia dawa zote mbili. Anayemficha muuguzi mmoja jambo ambalo mwingine analijua anajidhuru mwenyewe.

Na hapa tuseme neno juu ya watu wanaodhani kila mgonjwa wa kifua kikuu ana sida. Si kweli. Wengi hawana. Maneno hayo peke yake yanatosha kumfanya kijana afiche kikohozi chake.

Wakati wa kukimbia

Tangu mwanzo wa 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, wagonjwa wengi wamejikuta mbali na kituo chao. Wengine wako kwa jamaa vijijini, wengine walivuka Rusizi kuingia Burundi. Januari hiyo hiyo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mahali ambapo kazi ya VIH ilitegemea misaada hiyo wauguzi na washauri waliguswa. Kwa hiyo kabla ya kumtuma mtu mbali kwa ajili ya kipimo au dawa, piga simu au tuma mtu aulize kwanza kama kituo kinafanya kazi.

Mgonjwa anayetumia dawa za kifua kikuu au za VIH aweke kadi yake na vidonge vilivyobaki katika mfuko mmoja, karibu na mlango, pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za watoto. Kama anaogopa kadi itaonekana na watu, apige picha ya simu au aandike majina ya dawa na tarehe aliyoanza kwenye karatasi ndogo. Akifika mahali papya, asingoje dawa ziishe. Aulize CSDT ya jirani siku za kwanza. Matibabu yanaendelea pale yalipofikia, na ngʼambo ya mpaka Burundi nako kuna mpango wa taifa wa kifua kikuu unaotumia dawa za aina ile ile. Aliyekosa dawa siku kadhaa asione haya kurudi. Muuguzi atahesabu siku zilizopotea na kuamua kama ataendelea au ataanza upya, na hesabu hiyo haiwezekani kama mgonjwa anadanganya tarehe.

Parokia zinazopokea waliokimbia zimeanza kuuliza, wakati wa kuandika majina ya kugawa unga na maharagwe, swali moja zaidi: kuna mtu katika jamaa hii anayetumia dawa kila siku? Linaulizwa pembeni, na mtu mmoja tu, mama mwenye kutunza siri, na jibu haliandikwi katika daftari la unga. Asubuhi mama huyo anamsindikiza mtu mpaka kituoni.